Mkojo Unapotoka Bila Ruhusa

Kijitabu cha nyumbani kuhusu neva za kibofu na afya ya mwanamke

Kijitabu hiki ni cha mwanamke ambaye mkojo humtoka bila yeye kutaka, na ni cha watu anaoishi nao. Pengine ni matone machache anapokohoa au kuinua ndoo. Pengine ni mbio za kwenda chooni zisizofika. Pengine ni kuamka usiku mara nne na kukuta shuka limeshalowa. Mambo haya husemwa kwa kunong'ona, na mara nyingi hayasemwi kabisa: mama anaacha kuhudhuria vikao vya ukoo, ibadani anakaa karibu na mlango, anajifunga khanga mbili hata siku ya joto kali, na nyumbani hakuna anayeuliza kulikoni.

Kushika au kutoshika mkojo hakutokani na malezi wala usafi wa mtu. Kibofu huongozwa na neva, yaani mishipa ya fahamu, na sehemu kubwa ya neva hizo hufanya kazi zenyewe bila kungoja amri yetu. Ni za mfumo uleule unaoendesha moyo, utumbo na jasho. Zikivurugika, mkojo hutoka, hata kwa mwanamke hodari na msafi kuliko wote mtaani. Kumkemea hakumsaidii. Hata hivyo, ipo misuli michache iliyo chini ya amri yetu, na kupitia hiyo tunaweza kuzituliza hata zile neva zisizosikia amri. Wanawake wengi hupata nafuu kwa njia hiyo, nyumbani kwao, bila kisu na bila gharama kubwa.

Kibofu kinavyojaa na kinavyotoa

Figo huchuja damu mchana na usiku, na kwa siku mtu mzima hupata mkojo wa lita 1 hadi 2 hivi. Mkojo huo hushuka kidogo kidogo hadi kwenye kibofu, mfuko wa misuli ulio nyuma ya mfupa wa kinena. Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida hubeba mililita 300 hadi 500. Kikifika mililita 150 au 200 unaanza kuhisi dalili, lakini bado unaweza kuendelea na shughuli zako. Watu wengi wenye afya hukojoa mara 4 hadi 8 kwa siku, na usiku huamka mara moja au hawaamki.

Kwa mwanamke mrija wa kutolea mkojo ni mfupi, sentimita 3 hadi 4. Wa mwanamume hukaribia sentimita 20. Ufupi huo ni sababu mojawapo ya tatizo hili kuwaandama wanawake zaidi, kabla hata hatujataja mimba na uzazi. Pale kibofu kinapokutana na mrija pana shingo yenye misuli inayojibana yenyewe. Chini kidogo upo msuli mwingine wa kubana, na huo tunauamuru wenyewe. Unasaidiwa na misuli ya sakafu ya nyonga, iliyotandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kwenye kifandugu nyuma, ikibeba kibofu, mfuko wa uzazi na njia ya haja kubwa.

Sasa tuje kwenye neva zenyewe. Kundi la kwanza huitwa simpathetiki. Hutoka kwenye uti wa mgongo, usawa wa mwisho wa kifua na mwanzo wa kiuno, na kazi yake hapa ni kutunza. Hutoa kemikali iitwayo noradrenalini, ambayo hulegeza ukuta wa kibofu ili kitanuke, na wakati huohuo hukaza shingo yake. Kundi la pili huitwa parasimpathetiki. Hutoka chini zaidi, mwishoni mwa uti wa mgongo, na kazi yake ni kukitoa kibofu kilichomo. Kemikali yake ni asetilikolini, inayofanya ukuta wa kibofu ujikaze na kusukuma mkojo nje. Makundi haya mawili hupokezana: moja likifanya kazi, jingine hutulia. Kundi la tatu halimo katika mfumo unaojiendesha. Ni neva inayoitwa pudenda, nayo ndiyo hupeleka amri zetu kwenye ule msuli wa chini na kwenye sakafu ya nyonga.

Anayeamua zamu ni ubongo. Ndani ya shina la ubongo kuna kituo kinachobadili hali ya kutunza kuwa hali ya kutoa. Mtafiti Mwingereza, Frederick Barrington, alikieleza mwaka 1925 baada ya kuchunguza paka. Juu ya kituo hicho, sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo husema "ngoja kwanza, tuna wageni" au "haya, mahali ni salama."

Mtoto mchanga bado hana uwezo huo wa kungoja. Kibofu chake kikijaa, neva za chini hukitoa palepale. Ikifika miaka miwili, mitatu, minne, kwa kupelekwa chooni na kusubirishwa kidogo, ubongo wake hujifunza kuzituliza neva hizo. Maana yake kila mtu mzima anayesoma ukurasa huu aliwahi kuzifundisha neva zinazojiendesha, akiwa hata hajui kusoma. Tunaposema mbele kwamba kibofu kinaweza kufundishwa upya ukiwa na miaka 45 au 70, tunasema jambo ambalo mwili wako umeshawahi kulifanya.

Mkojo hutoka kwa njia tofauti

Kabla ya kutafuta dawa, tazama mkojo unatoka wakati gani. Hili ni la muhimu sana, kwa sababu dawa inayomfaa mwanamke mmoja inaweza kumdhuru jirani yake.

Wapo wanaotokwa na mkojo wanapokohoa, kucheka, kupiga chafya, kutwanga au kujitwika mzigo. Hapo tumbo husukuma kibofu ghafla, na misuli ya chini pamoja na shingo ya kibofu hushindwa kuhimili. Mara nyingi chanzo ni mimba na uzazi, hasa uchungu wa muda mrefu au mtoto mkubwa: misuli hutanuka, na neva ya pudenda nayo huvutwa. Kwa wengi hali hii huisha yenyewe miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, na mazoezi huharakisha.

Wapo ambao hubanwa ghafla. Dakika moja hawahisi kitu, dakika inayofuata ni lazima wakimbie, na wakati mwingine hawafiki. Hapa neva za parasimpathetiki zinaamka kabla ya zamu yao, na ukuta wa kibofu unajikaza kikiwa na mkojo kidogo tu. Sauti ya maji ya bomba yanayojaza ndoo inatosha kuziamsha. Kutia ufunguo mlangoni kunatosha pia: ubongo umeshazoea kuwa mlango ukifunguka choo kipo karibu, basi unalegeza masharti mapema. Ambukizo la njia ya mkojo huleta hali hiyohiyo, na vivyo hivyo kichocho, ambacho bado kipo pwani, Unguja na Pemba, na Kanda ya Ziwa. Mayai ya minyoo yake hukaa kwenye ukuta wa kibofu na kuuchokoza. Ukiona damu kwenye mkojo, pima kwanza. Mazoezi hayaondoi kichocho. Kinatibiwa kwa prazikuanteli.

Wapo ambao kibofu chao hakitoi vizuri. Kinajaa hadi pomoni, kisha mkojo unafurika matone kwa matone, na mama anajiona anakojoa kila saa kumbe ndani kimebaki kingi. Kisukari cha muda mrefu ni chanzo kikubwa, na tutakieleza peke yake. Na wapo wenye mchanganyiko: hubanwa ghafla, na pia mkojo huwatoka wanapokohoa. Hao ni wengi, hasa baada ya miaka 50, hedhi inapokoma na homoni ya estrojeni kupungua, ngozi ya uke na mrija wa mkojo ikawa nyembamba na kavu.

Halafu kuna fistula. Mwanamke aliyekaa na uchungu siku nyingi, kichwa cha mtoto kikabana kibofu dhidi ya mfupa, anaweza kupata tundu kati ya kibofu na uke. Mkojo wake hutoka muda wote, amelala au amesimama, na hauhusiani na neva wala na kukohoa. Hakuna mazoezi wala mizizi inayoziba tundu hilo; linashonwa na mpasuaji aliyefunzwa kazi hiyo. Dar es Salaam hospitali ya CCBRT imekuwa ikifanya upasuaji huu kwa miaka mingi, na Mwanza upo Bugando. Kama yupo mwanamke wa namna hiyo kwenye ukoo wenu, aliyefichwa chumba cha uani, huyo ndiye wa kwanza kusaidiwa baada ya kusoma hapa. Muulizeni mhudumu wa afya wa mtaa au kijiji chenu namna ya kumfikisha.

Saa 6 za kwanza baada ya kujifungua

Wakati wa kujifungua neva za kibofu hubanwa na kuvutwa, na kwa saa kadhaa zinaweza kulala. Mama hahisi kubanwa, huku maji aliyokunywa na aliyotundikiwa yanaendelea kukijaza kibofu. Kikitanuka kupita kiasi hata mara moja, ukuta wake na neva zake huumia, na kupona kwake huchukua muda mrefu.

Kwa hiyo mama aliyejifungua akojoe ndani ya saa 6. Anayemuuguza, awe mama yake, wifi au dada, aangalie saa na aulize: "Umeshapata haja ndogo?" Kama bado, mwambieni mkunga mara moja, msingoje asubuhi. Mkunga atamsaidia kuketi vizuri, atammiminia maji ya uvuguvugu, na ikibidi atamtolea mkojo kwa mpira. Baada ya hapo, kukandwa kwa maji ya moto kunakofanywa nyumbani kusiwe kwa kukandamiza tumbo la chini kwa nguvu, hasa kibofu kikiwa kimejaa.

Kisukari na kibofu kisichohisi

Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu neva nyembamba. Watu wengi wanajua habari za ganzi ya miguu. Wachache wanaambiwa kuwa neva za kibofu nazo hufa ganzi kwa njia hiyohiyo, kimyakimya. Kwanza mama anaona anakaa muda mrefu bila kwenda chooni, hata anafurahi. Kisha mkojo unakuwa mwembamba, unachelewa kuanza, inambidi asukume kwa tumbo. Mkojo unaobaki ndani unatuama, maambukizi yanarudi kila mara, na mwisho unafurika wenyewe. Hali hiyo ikiendelea, figo nazo huumia.

Mwenye kisukari asingoje kubanwa. Aende chooni kwa saa, kila baada ya saa 3 au 4, ahisi asihisi. Akimaliza asubiri kidogo, ainame mbele, ajaribu tena. Na kwenye kliniki ya kisukari aombe kupimwa mkojo unaobaki baada ya kukojoa. Kipimo hicho ni cha picha ya mawimbi ya sauti, hakiumi, na huchukua dakika chache. Kushusha sukari ndiko kunakozuia uharibifu usiendelee.

Uti wa mgongo nao una magonjwa yake: ajali, kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, uvimbe, diski iliyotoka mahali pake. Huko njia kati ya ubongo na kibofu hukatika, na neva za chini hubaki bila msimamizi. Kiharusi kinaweza kuleta hali kama hiyo kwa kugusa ubongo wenyewe. Bibi aliyepata kiharusi akawa anajikojolea hafanyi kusudi.

Dawa zilizomo kabatini

Kwa kuwa neva za kibofu hufanya kazi kwa kemikali, dawa nyingi za magonjwa mengine huzigusa. Dawa za shinikizo la damu za aina ya prazosini na doksazosini hulegeza mishipa ya damu, na hapohapo hulegeza shingo ya kibofu. Mwanamke anaweza kuanza kutokwa na mkojo wiki ile aliyoanza kuzitumia. Kaptoprili na enalaprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, na kila kikohozi kinasukuma kibofu. Dawa za kukojosha huleta mkojo mwingi kwa haraka. Piritoni, ambayo wengi hununua dukani kwa mafua au kuwashwa, na amitriptilini huzuia asetilikolini, hivyo kibofu kinaweza kushindwa kutoa.

Usiache dawa ya shinikizo kwa sababu umesoma hapa. Shinikizo lililoachwa huua. Zitie dawa zako zote kwenye mfuko, nenda nazo kwa daktari, mwambie mkojo ulianza kutoka lini na dawa ipi ilianza lini. Mara nyingi ipo nyingine ya kubadilishia, au saa ya kumeza husogezwa.

Daftari la siku 3

Mafunzo ya kibofu huanza kwa kukijua. Chukua daftari la shule la mtoto na kopo la plastiki. Pima maji kwa chupa ya nusu lita, weka alama kwenye kopo kwa kalamu isiyofutika: nusu ya chupa ni mililita 250, chupa nzima ni 500. Kopo hilo liwe la kazi hiyo tu. Kwa siku 3 andika saa uliyokunywa, ulichokunywa, saa uliyokojoa na kiasi kilichotoka, na weka nyota kila mkojo ulipotoka bila kutaka, ukitaja ulikuwa unafanya nini.

Siku ya tatu tazama. Mama anayeona mililita 80, 100, 70, kila baada ya nusu saa, ana kibofu kinachoamka mapema. Anayeona 600 au 700 na hakuhisi kubanwa, huyo aende kupimwa kabla ya kufanya lolote. Anayeona nyota nyingi baada ya chai ya saa nne ameshapata jibu lake la kwanza. Ukienda hospitali nenda na daftari hilo. Daktari atafanya mengi zaidi kwa kurasa zile tatu kuliko kwa maneno ya dakika tano.

Kubanwa kunapokuja ghafla

Wengi wetu tukibanwa tunakimbia. Kukimbia ndiko kunakoharibu, maana tumbo linasukuma, moyo unaenda mbio, na jicho likiona mlango wa choo neva zinaachia. Fanya kinyume chake.

Simama palepale ulipo, au keti kwenye kitu kigumu. Usikiwaze choo. Bana sakafu ya nyonga haraka haraka, bana achia, bana achia, mara tano au sita. Kubana huko hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na taarifa hiyo hupunguza amri ya parasimpathetiki, ukuta wa kibofu ukalegea. Yaani neva unayoiamuru inaituliza ile usiyoiamuru. Pumua taratibu kwa tumbo, hesabu kurudi nyuma kutoka 30, au soma dua unayoijua. Kubanwa huja na kupanda, hufika kileleni, kisha hushuka. Kukishashuka, ndipo utembee kwenda chooni kwa mwendo wa kawaida, ukiwa umekitangulia kibofu.

Ukilimudu hilo, anza kusogeza muda. Kama daftari linaonyesha unakwenda kila dakika 45, wiki hii iwe 55, wiki ijayo saa 1 na dakika 5, hadi ufike saa 3. Kibofu kilichozoea kukimbiliwa kila kinapolia ni kama mtoto mchanga anayebebwa kila anapoguna: hastahili kupigwa, anahitaji tu kuzoeshwa polepole. Jipe wiki 6 kwa uchache. Zipo siku utarudi nyuma, hasa ukiwa na mafua au wasiwasi, endelea tu. Na acha ile tabia ya kwenda chooni "kwa tahadhari" kila unapotoka nyumbani, maana inakifundisha kibofu kudai kikiwa na mkojo kidogo.

Mafunzo haya ya kuchelewesha si ya mwenye kibofu kisichotoa vizuri, wala ya mjamzito mwenye ambukizo. Hao watibiwe kwanza.

Mazoezi ya sakafu ya nyonga

Daktari wa wanawake wa Marekani, Arnold Kegel, aliyaeleza mazoezi haya mwaka 1948, na hadi leo wauguzi wengi huyaita kwa jina lake. Bana kana kwamba unazuia upepo usitoke, kisha peleka mbano huo mbele kana kwamba unazuia mkojo. Utahisi sehemu yote imeinuka ndani. Makalio yasikazane, mapaja yasibanane, tumbo lisivimbe, na pumzi usiikate. Shika hadi uhesabu 6 au 8, achia, pumzika kwa muda uleule. Rudia mara 8. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, kwa miezi 3, ndipo useme yamesaidia au hayakusaidia. Wengi huacha wiki ya tatu, misuli ikiwa ndiyo kwanza inaanza kupata nguvu.

Unaweza kuyafanya ukiwa umelala, ukichagua mchele, ukiwa kwenye daladala. Usiyafanye kwa kukata mkojo katikati kila siku, kwani hilo linakichanganya kibofu. Na jizoeze kubana kabla ya kukohoa, kabla ya kuinua ndoo, kabla ya kunyanyuka na mtoto mgongoni. Kama huna hakika unabana panapostahili, mwombe mkunga akupime. Kama unaona haya kuuliza nyumbani, muulize somo yako.

Maji, chai na haja kubwa

Mama anayeuza mboga sokoni tangu alfajiri anajua kuwa choo kiko mbali na ni cha kulipia, basi hanywi maji hadi jua la utosi. Tunaelewa kabisa kwa nini anafanya hivyo. Lakini mkojo mzito wenye njano iliyokolea huchokoza ukuta wa kibofu, huita maambukizi, na choo kikubwa kinakuwa kigumu. Anywe kidogo kidogo, glasi moja kila baada ya saa 2 hivi, mpaka mkojo uwe na njano hafifu. Kwa wengi lita 1.5 hadi 2 kwa siku zinatosha. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kipimo cha daktari wake. Viongozi wa masoko wanaosoma hapa watambue kuwa choo safi na cha karibu ni sehemu ya matibabu.

Kahawa, chai ya rangi iliyokolea, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini, inayokojosha na kukiamsha kibofu. Jaribu wiki 2 bila hivyo, kwa chai ya mchaichai au tangawizi, uone daftari linasemaje. Choo kigumu hukisukuma kibofu kutoka nyuma na kujikamua huchosha sakafu ya nyonga, hivyo mboga za majani, mapapai na maharage vina kazi hapa. Mwenye uzito mkubwa akipungua hata kidogo huona tofauti, hasa kwa mkojo unaotoka kwa kukohoa. Na kwenye choo cha kukaa usininginie nusu kwa kuogopa uchafu; nyonga zikikazana hivyo mkojo hautoki wote. Futa, tandaza karatasi, kaa.

Usitie ukeni mimea, ndimu, ugoro wala sabuni ili "kubana." Vitu hivyo huunguza ngozi na kuleta maambukizi, na havifiki kabisa kwenye neva wala misuli tunayoizungumzia.

Kwa waliomo nyumbani

Mume, mkeo hajiepushi nawe kwa sababu hakupendi. Huenda anaogopa mkojo kumtoka wakati wa tendo. Mwambie kwamba unajua, na kwamba utakwenda naye kliniki. Wakwe na watoto, msicheke harufu. Nunueni sabuni, vitambaa vya pamba au pedi za kutosha, na mpangieni mahali pa kuanikia juani bila kuonwa. Ngozi ioshwe kwa maji, ikaushwe vizuri, ipakwe mafuta mazito ya mgando ili mkojo usiichubue.

Bibi awekewe taa na ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda, njia isiwe na mkeka unaoteleza, maana wazee wengi huvunjika nyonga wakikimbilia choo usiku. Kama miguu yake huvimba, ainyanyue juu ya mto kwa saa moja alasiri. Maji yaliyokusanyika miguuni yatatoka mchana badala ya usiku wa manane.

Kwa Mwislamu anayehofia udhu, sheria ina nafuu kwa mwenye udhuru wa kudumu: hujisafisha, hujifunga vizuri, akatawadha kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, kisha akasali hata mkojo ukitoka. Undani wake aulizwe sheikhe au ustadhati. Asiache sala kwa sababu hii, wala asiache kwenda msibani au harusini.

Hospitali inaweza kuongeza nini

Zipo dawa za kumeza. Oksibutinini na nduguze huzuia asetilikolini, kibofu kikatulia. Zinakausha mdomo, zinafanya choo kigumu, na kwa wazee zinaweza kuvuruga kumbukumbu. Mirabegroni, iliyoidhinishwa kwanza Japani mwaka 2011, hupita njia ya simpathetiki na kukilegeza kibofu kitunze zaidi. Mwenye shinikizo lisilotulia haimfai. Dawa hizi ni za kubanwa ghafla. Akizimeza mwenye kibofu kilichofurika bila kuhisi, kinaweza kuziba kabisa, na ndiyo sababu tumesisitiza kujua kwanza mkojo unatoka kwa njia ipi. Usiazime vidonge vya jirani. Kwa waliokoma hedhi, krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni husaidia wengi.

Zipo pia tiba za neva zenyewe. Nyuma ya kifundo cha mguu hupita neva inayotokea sehemu ileile ya uti wa mgongo inakotokea ya kibofu. Ikichochewa kwa umeme mdogo kwa dakika 30, mara moja kwa wiki kwa wiki 12, kibofu cha wengine hutulia. Hospitali kubwa huweza kuchoma sindano ya botulinamu ndani ya ukuta wa kibofu, inayozuia asetilikolini isitolewe. Kwa mkojo wa kukohoa usiosikia mazoezi, upo upasuaji wa kuushikilia mrija.

Nenda hospitali siku hiyohiyo kama mkojo umeziba na tumbo linauma. Kama mapaja kwa ndani na sehemu za siri zimekufa ganzi, miguu imelegea au mgongo unauma sana pamoja na kushindwa kushika mkojo au kinyesi. Kama kuna homa na maumivu ya ubavu. Damu kwenye mkojo, au damu ukeni baada ya hedhi kukoma, isikae zaidi ya siku chache bila kupimwa.

Dirishani mapokezi, mbele ya foleni, huna haja ya kueleza yote. Sema: "Nina tatizo la mkojo, naomba kuongea na muuguzi faraghani." Una haki ya kuomba mhudumu wa kike. Ukishaingia, weka daftari na mfuko wa dawa mezani, na mwambie mambo manne: unatoka wakati gani, ulianza lini, umezaa mara ngapi na vipi, na kama una kisukari. Akikuambia "ni uzee tu, vumilia," omba rufaa kwa daktari wa wanawake.